Tumewaepusha na Maskani, Je, na Kiti?

Siku ya nne ya Ramadhani iliyopita, adhana ya Magharibi imekwisha na tende zimekwisha kupitishwa, nilimwambia mjukuu wangu animiminie uji. Akalishika birika kwa mkono wa kulia, akaliinua, na mara likamponyoka. Uji ukamwagika juu ya mkeka, juu ya sambusa na juu ya kanzu yangu. Nilimkemea. Nilidhani ni uzembe wa vijana wa siku hizi, au pengine saumu imemlegeza, maana ana miaka 15 tu. Hakunijibu kitu. Alisimama akaenda kuleta kitambaa, na nikamwona akikikamua kwa mkono wa kushoto peke yake.

Ni mamake aliyenieleza usiku ule. Ilikuwa yapata miezi miwili mtoto hawezi kufungua kifuniko cha chupa, na kalamu aishika kama mtu aliyeshika kaa la moto. Shuleni alikuwa akiandika nusu ya yale anayosomeshwa, na nusu akiwaomba wenzake. Mimi nilifichwa. Alihofu ya kwamba nikijua nitamnyang'anya mtambo wake wa gemu.

Asubuhi yake tulikwenda kwa daktari. Daktari alimwambia afumbate kidole gumba ndani ya ngumi, kisha akamkunjia kifundo cha mkono upande wa kidole cha mwisho. Mtoto alipiga ukelele hata waliokuwa nje kwenye benchi wakainuka. "Huyu afanya kazi gani?" daktari akauliza. Nikamwambia hana kazi, ni mwanafunzi. Akatabasamu, akasema maradhi haya yeye ameyazoea kwa kina mama wenye watoto wachanga, kwa kule kumnyanyua mtoto kutwa kucha. Kisha akamgeukia mjukuu wangu akamwuliza, kwa upole, hucheza saa ngapi kwa siku. Mtoto akanitazama mimi kwanza, kisha akasema saa sita. Siku za mapumziko, kumi.

Kabla sijaendelea, wasomaji wangu, yanipasa kuungama. Mtambo ule niliununua mimi.

Niliununua kwa fedha zangu, na niliununua kwa furaha. Wazazi wa pwani hawana haja ya kuelezwa sababu. Mvulana akifika miaka 13, sauti ikianza kumvunjika, akaanza kurudi nyumbani baada ya Isha bila ya kusema alikotoka, mamake hapati usingizi. Mitaani kwetu tumezika vijana waliomalizwa na unga, na wengine hatujawazika bado lakini twapishana nao kila siku pembeni mwa njia, wamejikunja mchana kweupe. Basi nilipiga hesabu zangu. Nikasema heri mtoto awe ndani, mlango umefungwa, nasikia sauti yake akicheka na kupiga makelele ya mabao, kuliko awe maskani sijui yuko na nani. Nilijisifu hata barazani. Niliwaambia wenzangu, "Wangu mimi simtafuti usiku, yumo chumbani mwake." Na kweli alikuwamo. Kwa muda wa miaka miwili alikuwamo, na mimi sikumwuliza mwili wake uko vipi humo ndani.

Nionavyo, hapo ndipo tulipokosea wengi wetu. Mazungumzo yetu juu ya gemu hizi aghalabu huwa juu ya roho. Zina picha zisizofaa, zina muziki, zafundisha kuua, zavuta watoto kwenye kamari, zapitisha wakati wa sala. Mazungumzo hayo yana wenyewe, nami siyadharau. Lakini sijawahi kumsikia mtu barazani akiuliza shingo ya mtoto yafanya nini saa sita imeinama, wala jicho lafanya nini, wala kidole gumba. Twajua sote habari ya sahaba Abdallah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama kwa ibada kila usiku, Mtume (S.A.W.) akamkataza, akamkumbusha ya kwamba mwili wake una haki yake kwake, na macho yake pia. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kuudhulumu mwili, sembuse mpira wa kwenye kioo.

Sasa nieleze kidogo niliyojifunza, maana baada ya siku ile sikutulia.

Kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kuna kano mbili zipitazo katika ala moja nyembamba, mfano wa kamba mbili zilizopitishwa katika tundu moja. Kidole kikivutwa mara mia, mara elfu, bila ya kupumzishwa, ala ile huvimba ikawa nene, nazo kano zikasugulika na kukwama. Daktari wa Uswisi aliyeitwa Fritz de Quervain aliyaeleza maradhi haya mwaka 1895, zamani kabla ya mtu yeyote kuota juu ya gemu. Kwa hiyo si maradhi mapya. Kilicho kipya ni kuyakuta kwa mtoto wa miaka 15 ambaye hajapata kuchota maji wala kubeba gunia.

Wala madaktari wa ng'ambo hawakuanza jana kuyaona mambo haya. Mwaka 1981 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa habari ya kifundo cha mkono kilichoumia kwa kucheza Space Invaders, ule mchezo wa kupiga vidude vishukavyo kutoka juu. Mwaka 1990 jarida hilo hilo likaeleza juu ya mwanamke wa miaka 35 aliyecheza Nintendo saa 5 mfululizo, akaamka na kidole gumba kisichogusika. Mwaka 2007 likaja la bega, safari hii kwa mchezo wa tenisi unaochezwa kwa kurusha mkono hewani mbele ya televisheni. Yaani kila mtambo mpya ulipotoka ulijichagulia kiungo chake.

Lakini kidole ni jambo dogo. Kidole chauma, na kitu kiumacho humfanya mtu aende kwa daktari. Ninachokihofia zaidi ni kile kisichouma.

Mtu akiketi, damu iliyoshuka miguuni haina nguvu ya kutosha ya kupanda peke yake kurudi moyoni. Husukumwa na misuli ya shavu la mguu kila tunapotembea. Misuli ile ni pampu. Ukikaa saa nyingi bila ya kuinuka, pampu imesimama, damu yatuama kama maji ya mtaro, na damu iliyotuama huweza kuganda. Bonge lile likikatika likapanda hadi mapafuni, huua. Mwaka 2003 madaktari wa New Zealand waliandika juu ya mwanamume wa miaka 32 aliyekuwa akikaa mbele ya kompyuta hata saa 18 kwa siku, likampata jambo hilo akawa karibu na kufa. Mwaka 2011 kijana wa miaka 20 huko Uingereza alikufa kwa bonge kama hilo, naye alikuwa mchezaji wa kukesha. Na huko nyuma, Agosti 2005, katika mji wa Taegu nchini Korea Kusini, mwanamume wa miaka 28 alicheza kwa muda wa saa kama 50 katika nyumba ya kompyuta, akiinuka kwa haja na usingizi wa kuibia tu, mpaka moyo ukasimama.

Sitaki kumtisha mtu. Vifo hivi ni vichache mno ukivilinganisha na mamilioni wachezao, nami nitakuwa mwongo nikisema kila mwenye pedi mkononi yumo hatarini kufa. Navitaja kwa sababu vyaonyesha njia yenyewe ilivyo hadi mwisho wake. Wetu huenda wasifike mwisho, lakini wamo njiani: miguu imekufa ganzi, mgongo umepinda, tumbo limeanza kutangulia kwa soda na viazi karai viliwavyo bila ya kutazamwa. Shirika la Afya Duniani lasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 ahitaji walau dakika 60 kila siku za kuutikisa mwili barabara. Mjukuu wangu, nilipomhesabia, hakuwa akipata hata 10, na hizo ni za kutoka mlangoni hadi kituo cha matatu.

Kuna atakayesema, alhamdulillahi sisi twaswali, nayo sala yamwinua mtu. Hata mimi niliwaza hivyo, nikajipa moyo. Rakaa 17 za faradhi kwa siku, kusimama, kurukuu, kusujudu. Ni kweli ni dawa ya kukaa. Lakini tazama saa zenyewe. Hapa Mombasa Isha yaadhiniwa baada ya saa moja na nusu ya usiku, na Alfajiri karibu na saa kumi na moja. Katikati pana saa kama 9 ambazo hakuna adhana ya kumwinua mtu, na hizo ndizo saa za gemu. Ukitaka kujua, pita usiku wa manane katika vichochoro vya Mji wa Kale utazame madirisha yenye mwanga wa buluu.

Na katika Ramadhani mambo huzidi. Taraweh ikisha, vijana hujikusanya kwa mmoja wao, wacheze hadi daku. Wazazi twafurahi kwa kuwa wako macho na daku haiwapiti. Wakisha kula na kuswali Alfajiri hulala mpaka Adhuhuri, au kama kuna shule, hulala darasani. Mwili wa mtoto aliye katika kukua hauna desturi hiyo. Mwanga wa kioo jirani na uso wamfanya ubongo udhani bado ni mchana, ukachelewesha ile dawa yake ya usingizi. Na katika usingizi mzito wa usiku ndimo mwili umwagamo kwa wingi kichocheo cha kukua. Saa tatu za mchana, jua limeingia dirishani na nje wauza samaki wapiga kelele, hazilipi deni hilo.

Juu ya macho nina la kusema zaidi kidogo, pengine kwa kuwa yangu yanisumbua. Mtu wa kawaida hupepesa kope kama mara 15 hadi 20 kwa dakika. Mbele ya kioo hupungua sana, hata nusu au chini ya hapo, na jicho hukauka likawasha. Hilo hupita ukipumzika. Lisilopita ni jicho la mtoto kurefuka kwa ndani, akawa aona vizuri karibu na mbali aona ukungu. Huko Taiwan, ambako watoto wengi mno wamepatwa na hali hiyo, serikali ilianza mwaka 2010 kuzihimiza shule ziwatoe watoto nje kwa jumla ya dakika 120 kila siku. Si kwa mazoezi tu. Ni kwa ule mwanga wa mchana wenyewe, ambao kivulini nje ni mwingi mara nyingi kuliko ndani ya chumba chenye taa.

Niliposoma hayo nilikumbuka tiara. Sisi udogoni upepo ukishika twapanda juu ya dari, au twaenda Makadara, tukarusha tiara za karatasi na njiti za makuti, na jioni nzima macho hayatui chini. Hakuna mtu aliyetuambia kuwa twajitibu macho. Mwalimu wetu wa chuoni alikuwa akituchapa kwa sababu ya tiara hizo, akisema ni upuuzi, Mungu amrehemu. Na watoto wa kike nao walikuwa na mdako na tiabu, vidole vyao vikifanya kazi, lakini wamechuchumaa, wainuka, wagombana, wakimbizana.

Masikio nitayataja kwa ufupi. Mapitio ya utafiti yaliyochapishwa Januari 2024, ya watu zaidi ya 50,000 katika nchi 9, yalionyesha ya kwamba sauti wanazozisikiliza wachezaji wa gemu mara nyingi hukaribia au hupita kiwango cha salama. Kwa mtoto, kiwango chenyewe ni desibeli 75 kwa saa 40 za wiki nzima, na kila sauti ikipanda, saa hupungua haraka. Ukimwita mtoto mara tatu naye amevaa vile vya kichwani asikusikie, usimpige. Vivae wewe kwanza usikie.

Yapo mazuri pia, nami sitaki kuwa kama mwalimu wangu wa tiara. Mwaka 2007 ulitolewa utafiti wa Marekani juu ya madaktari 33 wa upasuaji. Wale waliopata kuwa wachezaji wa gemu kwa zaidi ya saa 3 kwa wiki walifanya makosa machache kwa asilimia 37 katika mazoezi ya upasuaji wa tundu dogo. Nilipomsomea mjukuu wangu habari hii alifurahi sana, mpaka nilipomrudishia lile neno "kwa wiki".

Tena haikuwa kwamba yeye ni mlevi wa gemu. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2019 kuutia uraibu wa gemu katika orodha ya maradhi, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Mwenye maradhi hayo ni yule asiyeweza tena kujizuia, aliyeacha mengine yote, aendeleaye ijapokuwa yamharibikia, na kwa kawaida hutazamwa kwa muda wa miezi 12. Wangu mimi hakuwa hivyo. Alikuwa wa tano darasani, aswali, ana adabu. Na ndiyo maana hatukuona. Wazazi twangoja dalili za uraibu, kumbe kano na macho hayangoji mtu awe mraibu.

Daktari alimfunga mkono kwa kibao laini, akampa dawa ya kutuliza uvimbe, akasema wiki 6 asiguse pedi. Nyumbani pakawa na baraza. Babake alitaka mtambo uvunjwe siku ile ile. Mamake alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: "Mkiuvunja, atakwenda wapi?" Kwani pembeni mwa mtaa kuna kibanda cha gemu, cha giza, kilipiwacho kwa mchezo mmoja mmoja na hakifungwi mpaka mwenyewe achoke. Na mbele ya kibanda, hatua 20, ndipo maskani yenyewe.

Nchi nyingine zimejaribu sheria. Korea Kusini iliwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza kwa intaneti kuanzia usiku wa manane hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa sheria ya mwaka 2011, na ikaifuta mwanzoni mwa 2022. Uchina tangu 2021 yawaruhusu walio chini ya miaka 18 saa moja tu ya jioni, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu. Hapa kwetu hakuna wa kutufanyia hayo, wala sijui kama ningependa serikali inigongee mlango saa mbili usiku kunihesabia mjukuu.

Tulilofanya sisi ni kuutoa mtambo chumbani na kuuweka ukumbini, juu ya meza, mbele ya kiti chenye mgongo, ili asicheze amelala kifudifudi kitandani na kichwa kimening'inia. Baada ya Alasiri mlango wa nje wafunguliwa naye yuko nje mpaka Magharibi, apende asipende. Saa nne usiku waya wachomolewa. Na nikajifunza jambo moja kutoka kwake, ambalo nawapa wazazi wenzangu bure: gemu hizi za kucheza na wenzio kwa intaneti hazina kusimama katikati. Ukimwita ghafla akaacha, wenzake washindwa na yeye aadhibiwa. Ndiyo maana huitika "naja" nusu saa. Mwambie, "Maliza huu, usianze mwingine," na uketi hapo mpaka uishe. Tangu hapo hatugombani sana.

Siku moja alinishinda kwa hoja. "Babu," akasema, "na wewe na dhumna je?" Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli, sisi wazee tumeketi barazani na dhumna, na karata, na keram, tangu Alasiri mpaka Isha na baada ya Isha, miaka arubaini, na magoti yangu ni shahidi. Nikamwambia sisi twainuka kuamkia wapitao njia, twanywa kahawa tukainuka tena kwa sababu ya kahawa, na twatazama mbali hadi mwisho wa mtaa kujua nani aja. Alicheka. Lakini tangu siku hiyo, mchezo mmoja wa dhumna ukisha, nasimama nazunguka msikiti mara moja kabla ya wa pili. Wenzangu wadhani nina ugonjwa wa sukari.

Mkono wake umepona, ingawa baridi ya asubuhi bado waukumbusha. Juma lililopita, yapata saa saba usiku, nilisikia sauti ya mabao kutoka ukumbini. Nikashuka ngazi polepole na bakora yangu, nimekasirika, nimekwisha kuyapanga maneno. Mjukuu wangu alikuwa chumbani mwake amelala fofofo. Kitini alikuwako babake, aliyerudi bandarini tangu magharibi, shingo mbele, sahani ya viazi pembeni. Aliposikia bakora alizima kioo, akashika simu yake, akajifanya asoma ujumbe. Sikusema neno. Nilimwambia tu afumbate kidole gumba ndani ya ngumi.